Redio ya Gari Ikinyamaza, Usikimbilie Dukani

Wasomaji wapenzi, nyumba hupoa ghafula redio ikinyamaza. Watu wa mjini pengine hawaoni sana, kwa maana wao wana kelele za kila namna toka alfajiri hata usiku wa manane. Lakini huko vijijini mambo ni mengine. Redio ikifa, matangazo ya vifo hupita bila kusikiwa, habari za mvua hazifiki, na bei ya mazao mkulima huisikia kwa mnunuzi mwenyewe, ambaye ndiye mtu wa mwisho wa kumwambia ukweli.

Tena siku hizi redio nyingi za vijijini ni redio za gari. Watu wametambua kwamba redio ya gari hutumia umeme wa volti 12, ule ule utokao katika betri inayochajiwa na paneli ya jua. Basi huichukua redio iliyotolewa garini, huifanyia sanduku la mbao, huitia spika mbili, huifunga kwenye betri, na nyumba nzima husikiliza. Kinyozi anayo, mwenye duka anayo, hata mzee wa shamba anayo. Kwa hiyo maneno ninayotaka kuwaeleza leo yanamhusu mwenye gari na asiye na gari sawasawa.

MGENI NA KIROBA CHAKE

Desemba iliyopita shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alifika kwetu Mwananyamala jua likiwa limekwisha kuwa kali. Yeye ni mkulima wa mikorosho wilayani Mkuranga. Alikuwa ametoka kwake alfajiri, akabadili gari Mbagala, akaja mpaka kwetu na kiroba begani. Mke wangu alidhani ametuletea mihogo. Kumbe ndani ya kiroba, imeviringishwa katika kanga kuukuu, ilikuwamo redio ya gari!

"Shemeji," akaniambia baada ya kunywa maji, "redio yangu imekufa. Usiku ilikwaruza kidogo, ikazimika, ikawaka, ikazimika tena, basi. Kijana mmoja wa kwetu amesema hii haiponi. Nimekuja na shilingi 90,000. Nipeleke Kariakoo ninunue nyingine."

Dada yake akamwuliza, "Kaka, fedha hizo umezitoa wapi?"

Shemeji akatazama chini. Hatimaye akasema ndizo alizoziweka kwa sare na viatu vya binti yake, aliyekuwa akingojea kuingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari. Alitumaini kuzirudisha kabla shule haijafunguliwa, ingawa hata yeye hakujua atazirudisha kwa njia gani.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kalamu na daftari. Lakini nilimwambia, "Shemeji, Kariakoo haihami. Kwanza twende kwa fundi."

Si mbali na kwetu, upande wa Komakoma, yuko fundi mmoja wa redio za magari afanyaye kazi chini ya mwarobaini. Hana kibao wala tangazo. Ana meza moja, betri moja ya gari, spika moja iliyochakaa, chuma cha kulehemu, na mita ndogo ya kupimia umeme. Tulipofika tulimkuta ana wateja, tukangoja zamu yetu.

Zamu yetu ilipofika nilitazamia atashika bisibisi mara moja. La, hakuishika. Alianza kwa maswali. "Mzee, ilizimika ghafula au iliyumba kwanza? Taa yake ilikuwa ikiwaka? Spika zote mbili zilinyamaza pamoja, au moja ilitangulia? Kuna mtu aliyegusa nyaya siku za karibuni? Nyumba imevuja mvua?" Shemeji akajibu moja moja. Ndipo fundi akaitazama fyuzi iliyo mgongoni mwa redio, akaiona nzima, akaifunga redio kwenye betri yake na spika yake. Mara redio ikaanza kusema, sauti safi kabisa!

Shemeji akaruka. Fundi akacheka, akasema, "Mzee, umeleta mzima. Mgonjwa umemwacha nyumbani."

Wasomaji wapenzi, kama tungekwenda moja kwa moja Kariakoo, shemeji angenunua redio mpya, angeifikisha Mkuranga, angeifunga kwenye nyaya zile zile mbovu, nayo ingenyamaza vile vile. Binti angekosa viatu, na nyumba ingebaki kimya.

FUATA NJIA YA UMEME

Tuliketi pale asubuhi nzima, na fundi alitueleza kazi yake bila choyo. Fundisho lake kubwa ni hili moja: usianze na redio, anza na njia ya umeme.

Alitoa mfano wa mfereji wa maji shambani. Mboga za mwisho zikinyauka, mwenye akili hazing'oi. Huenda mtoni, akafuata mfereji hatua kwa hatua mpaka aone palipozibwa. Ndivyo umeme ulivyo. Hutoka ncha ya chanya ya betri, hupita katika fyuzi, hupita katika waya, huingia katika redio. Lakini umeme una tabia moja ambayo maji hayana: sharti urudi ulikotoka. Baada ya kufanya kazi hurudi kwa waya mweusi mpaka ncha ya hasi ya betri. Njia ya kwenda ikiwa nzuri na ya kurudi imekatika, hakuna kitu kitakachofanya kazi. Na watu wengi huitazama njia ya kwenda tu.

Haya basi, tuifuate njia hiyo.

Kwanza, betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi katika mita. Ikionyesha 12.0 imebakiwa na umeme mdogo, na ikishuka mpaka 11.8 ni kama tupu. Garini, injini ikiwaka, mita yapasa kuonyesha kama 13.8 mpaka 14.4, kwa sababu alteneta inaichaji betri. Kama haipandi, ubovu si wa redio, ni wa kuchaji. Tazama pia ncha za betri. Unga mweupe au wa kijani ukiota hapo, umeme haupiti vizuri. Usafishe kwa brashi na maji ya moto yenye magadi kidogo, ila maji hayo yasiingie ndani ya betri. Ukifungua betri, ondoa waya wa hasi kwanza, na ukiufunga, uwe wa mwisho. Wala usiwashe kiberiti karibu na betri, kwa maana inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Pili, fyuzi. Redio nyingi zina fyuzi moja mgongoni, na garini iko nyingine katika kisanduku cha fyuzi. Fyuzi za kisasa za magari zina rangi: nyekundu ni ampea 10, ya buluu 15, ya manjano 20, ya kijani 30. Itoe uitazame dhidi ya mwanga. Uzi wa ndani ukiwa umekatika, imeungua. Tia nyingine ya namba ile ile. Ikiungua tena hapo hapo, usiendelee kutia nyingine, tafuta palipogusana.

Tatu, nyaya za redio. Katika redio nyingi zinazouzwa madukani, waya wa manjano ni wa umeme wa siku zote, nao ndio unaotunza saa na stesheni ulizozichagua. Waya mwekundu huja na ufunguo wa gari. Mweusi ni wa hasi. Mweupe na wa kijivu ni wa spika za mbele, wa kijani na wa zambarau ni wa spika za nyuma. Redio inayosahau stesheni zake kila ufunguo ukitolewa, mara nyingi wa manjano na mwekundu wamebadilishana mahali, au wa manjano hauna umeme. Nyumbani, kwa kuwa hakuna ufunguo, huunganishwa wote wawili pamoja kwenye chanya. Afanyaye hivyo na atie swichi katikati, kwani redio hunywa umeme kidogo kidogo hata ikiwa imezimwa. Na angalizo moja kwa wenye magari mapya: nyaya zilizofunikwa kwa mrija wa manjano chini ya usukani ni za mifuko ya hewa ya kuokoa watu ajalini. Hizo usiziguse kabisa.

Nne, waya wa hasi. Garini waya huu hufungwa kwenye chuma cha gari. Ukifungwa juu ya rangi au kutu, redio huwaka na kuzima kama ilivyo na kichaa. Dawa ni kukwangua rangi mpaka chuma kionekane, na kukaza skrubu vizuri.

Tano, spika. Ichomoe, kisha gusisha betri ndogo ya tochi, ile ya volti 1.5, kwenye ncha zake mbili kwa nukta moja tu. Spika nzima hutoa mlio mdogo, tak! Spika isiyosema neno imekatika ndani. Mwenye mita aweza kupima: spika iliyoandikwa omu 4 huonyesha kati ya 3 na 4. Kisha angalia nyaya zake zisiguse chuma cha gari wala zisigusane. Redio nyingi za siku hizi zikiona hatari hiyo hujizima zenyewe ili zisiungue, na mwenyewe hudhani zimekufa.

Ukiisha kufuata njia yote, ukaona umeme unafika, unarudi, fyuzi nzima, spika nzima, na redio bado kimya, hapo ndipo redio yenyewe ni mgonjwa. Vivyo hivyo kama fyuzi huungua hata spika zote zikiwa zimechomolewa. Sababu moja ya ugonjwa huo ni mtu kufunga chanya mahali pa hasi. Kosa hilo hutokea kwa nukta moja, na gharama yake ni kubwa. Mpelekee fundi, umwulize bei kabla hajaifungua, upime na bei ya mpya.

FYUZI NI MLINZI

Tulipokuwa tukisikiliza hayo, alikuja dereva mmoja wa teksi. Redio yake ilikuwa ikipiga vizuri, lakini alisikia harufu ya kuungua. Fundi akafungua kisanduku cha fyuzi. Lo! Mahali pa fyuzi ya redio palikuwa pametiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa kunjwa ikashindiliwa. Fundi akaifuata waya chini ya zulia la gari. Mpira wake ulikuwa umeyeyuka urefu wa mkono mzima, na zulia limeanza kuwa jeusi.

"Nani amefanya hivi?" fundi akauliza.

"Mimi mwenyewe, fundi. Fyuzi zilikuwa zikiungua kila siku, nikachoka kununua."

Fundi hakumcheka. Alimwuliza, "Asubuhi hii umempakia nani?" Dereva akajibu amempeleka mama mmoja na watoto wake wawili katika Hospitali ya Mwananyamala. Fundi akaonyesha ile waya iliyoyeyuka, wala hakuongeza neno. Dereva alikaa juu ya ndoo, akashika kichwa.

Wasomaji wapenzi, mtu akikasirikia fyuzi, hukasirikia mlinzi aliyepiga kelele usiku. Fyuzi imefanywa iwe dhaifu kusudi. Ndani yake kuna uzi unaoyeyuka kabla waya haijapata moto. Ukiweka karatasi ya fedha, msumari au uzi wa shaba mahali pake, umemfukuza mlinzi. Sasa kitakachoyeyuka ni waya yenyewe, na waya hupita chini ya miguu ya watu, au nyumbani hupita juu ya mbao na makuti.

Wako wengine wanaotia fyuzi kubwa zaidi, wakidhani redio itapata nguvu. Hesabu ni rahisi. Volti 12 mara ampea 10 ni wati 120. Redio yenye fyuzi ya ampea 10 haiwezi kunywa zaidi ya hapo kwa muda mrefu, hata kama sanduku lake limeandikwa wati 200 kwa herufi kubwa. Ukitia fyuzi ya ampea 30 katika waya mwembamba, nguvu ya redio haiongezeki hata kidogo. Kinachoongezeka ni moto ambao waya itaweza kupata kabla fyuzi haijakatika.

Kosa la ile teksi lilionekana baada ya nusu saa. Waya ya spika ya mlango wa nyuma ilikuwa imechubuka pale mlango unapokunjia, ikigusa chuma kila mlango unapofungwa. Fundi aliikata, akaiunga upya, akaifunika kwa tepu ya umeme, akabadili waya iliyoyeyuka, akatia fyuzi mpya ya shilingi 500. Dereva akafungua na kufunga mlango mara kumi. Fyuzi haikuungua.

MLIO UNAOPANDA NA INJINI

Mteja mwingine alilalamika kwamba redio yake inalia kama mbu, na kila akikanyaga mafuta, mbu naye anapaza sauti. Huo ni ugonjwa wa zamani sana. Redio za gari zilipoanza kuuzwa kwa wingi huko Marekani, mwaka 1930 na kuendelea, taabu kubwa ya mafundi ilikuwa kelele za injini, kwa maana kila cheche ya plagi ilisikika katika spika. Mwaka huo wa 1930 Paul Galvin wa Chicago na wenzake walifaulu kufanya redio ya gari inayosikika vizuri, wakaiita Motorola, jina ambalo baadaye likawa la kampuni nzima. Bwana huyo aliiendesha motokaa yake mpaka Atlantic City, kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio, akaiegesha nje na kuifungulia redio sauti kubwa ili wafanya biashara wasikie wenyewe.

Siku hizi kelele hizo zikirudi, mara nyingi chanzo ni waya wa hasi uliofungwa vibaya, au nyaya za sauti zilizolazwa pamoja na nyaya za umeme. Mlio ukipanda na injini, anza na waya wa hasi. Kisha tenganisha nyaya: za umeme zipite upande mmoja wa gari, za sauti upande mwingine. Huyu mteja wa pale Komakoma alipona kwa kukwanguliwa rangi mahali padogo kama sarafu.

REDIO ISIYOSIKIA STESHENI

Jambo la mwisho linawahusu sana wanunuzi wa vijijini. Magari mengi ya barabara zetu yalitumika kwanza Japani. Huko Japani mawimbi ya FM huanza 76, na kwa miaka mingi yaliishia 90, kwa kuwa nafasi ya juu yake ilitumiwa na televisheni. Japani ilizima televisheni za namna hiyo mwaka 2011 na 2012, na baadaye redio zikaruhusiwa kufika 95. Kwetu sisi stesheni za FM ziko kati ya 87.5 na 108. Basi redio iliyofanywa kwa Wajapani huzisikia stesheni zetu chache tu za chini. Zilizobaki haizipati, hata ukiipandisha juu ya mnazi.

Redio hiyo si mbovu. Imezoea kwao. Kipo kisanduku kidogo kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio, kazi yake kuyashusha mawimbi. Kikishusha kwa 16, kwa mfano, stesheni ya 100.0 utaikuta kwenye 84.0. Hufaa, ingawa pengine huongeza mkwaruzo. Lakini kama ndiyo kwanza unanunua redio iliyotumika, dawa ni nyepesi zaidi: kabla ya kutoa fedha, mwambie muuzaji aiwashe, na uzungushe namba mpaka mwisho. Isipofika 108, jua ya kuwa umeuziwa redio ya Japani, na bei yake iwe ya namna hiyo.

Tena, baadhi ya redio za Toyota zenye ramani, zilizotoka Japani, betri ikiondolewa hata kwa dakika chache hujifunga. Hazifanyi kazi tena mpaka zipewe namba ya siri au kadi ya ramani yake. Kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo na aulize kwanza, kabla fundi hajafungua betri.

TAA YA SHILINGI CHACHE

Shemeji aliyasikia yote, kisha akauliza swali la haki. "Fundi, wewe una mita. Mimi kule kijijini nitapima kwa nini?"

Fundi akaingiza mkono chini ya meza, akatoa taa ndogo ya gari ya volti 12, akailehemu nyaya mbili, mmoja mfupi, mmoja mrefu. "Hii ndiyo mita yako," akasema. "Tena kwa kazi hii pengine inashinda yangu. Waya ukibakiwa na uzi mmoja, mita yangu yaweza kuonyesha volti 12, nami nikadanganyika. Taa hunywa umeme. Waya mbovu haiwezi kuidanganya taa."

Akamfundisha namna ya kuitumia, redio ikiwa imechomolewa. Kwanza gusisha nyaya za taa kwenye ncha mbili za betri. Ikiwaka sana, betri ni nzuri. Pili, nenda mahali redio inapochomekwa: waya mmoja wa taa uguse waya wa chanya, na ule mrefu uende mpaka ncha ya hasi ya betri. Ikiwaka sana, njia ya kwenda ni nzima. Tatu, hapo hapo, waya mmoja uguse chanya na mwingine uguse ule mweusi wa redio. Ikififia au isipowaka, njia ya kurudi imekatika.

Taa, lehemu na kazi ya asubuhi, fundi alimtoza shilingi 3,000. Shemeji alilala kwetu, akaondoka kesho yake na redio yake ndani ya kiroba, na zile fedha ndani ya mfuko wa shati aliousokota kwa pini.

Jioni ile alipiga simu. Tulisikia sauti ya redio kabla hatujasikia ya kwake! Alisema taa iliwaka betrini, ikawaka njia ya kwenda, ikafa njia ya kurudi. Akaufuata waya mweusi kwa vidole kutoka sandukuni mpaka betrini. Katikati, mahali alipouunga mwaka juzi kwa kuusokota kwa mkono na kuufunga kipande cha plastiki, akakuta shaba imegeuka unga wa kijani, umebaki uzi mmoja. Akakata pande zote mbili mpaka shaba inayong'aa, akaisokota vizuri, akaifunga tepu. Basi. Kazi ya dakika kumi.

Mwezi wa Januari binti alikwenda shule na viatu vyake. Ile taa sasa imeleta kazi nyingine: kinyozi ameiazima, mwenye duka ameiazima, na yule kijana aliyesema redio haiponi amekuja kuuliza inavyotumika. Shemeji amemwonyesha bila kumsimanga, na nadhani amefanya vema, kwa maana kijana huyo ndiye atakayeulizwa na wengine kesho.

Basi, ndugu wasomaji, redio yako ikinyamaza usilie, wala usikimbilie dukani na fedha za mtoto. Kaa chini, jiulize ilinyamaza namna gani. Fuata njia ya umeme toka betri mpaka redio, na toka redio mpaka betri. Fyuzi ikiungua, tafuta sababu. Usiweke waya mahali pake. Na safari ya fundi ikikulazimu, mwambie mambo yote, hata lile kosa ulilolifanya kwa mkono wako mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Na ufa wa shemeji ulikuwa mdogo kuliko ukucha.